Hesabu Chini ya Mkungu

(Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma mazungumzo haya gazetini, leo nataka tuzungumze habari ya majani. Si majani ya chai, wala si yale mengine ambayo askari akiyakuta mfukoni mwako utakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Nazungumzia majani ya mti uitwao mkungu.

Mkungu ninaousema si ule wa ndizi. Ni ule mti mkubwa wa mitaa yetu ya pwani, wenye matawi yaliyotandazwa ghorofa kwa ghorofa, ambao chini yake utawakuta vijana wanacheza bao, fundi baiskeli ametandaza vyuma vyake, na watoto wanaokota kungu na kuzigonga kwa jiwe ili wapate kile kiini cha ndani. Mti huu una tabia moja ambayo miti mingi ya kwetu haina. Wakati wa kiangazi, kabla ya kupukutisha majani yake, huyageuza rangi. Yaliyokuwa ya kijani huwa ya manjano, mengine ya rangi ya chungwa, mengine mekundu kama damu ya mzee. Halafu yanaanguka, na mama mwenye uwanja anaanza kulalamika maana kufagia hakuishi.

Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini jambo hili huupata karibu msitu mzima. Kuanzia Septemba hadi Novemba, siku zinapokuwa fupi na baridi inapoanza, miti mingi hubadili rangi na kupukutika kwa pamoja. Walimu wa huko wana desturi ya kuwatoa watoto nje, wakaokota majani, wakayapima, wakayapanga na kuyafanyia hesabu. Vitabu vya watoto vinavyotoka huko vina picha za kazi hiyo, na mtoto wa Temeke akiziona hudhani kwamba hesabu za namna hiyo zinahitaji koti na kofia ya sufu. Hazihitaji. Zinahitaji jani, rula, penseli na mtu mzima ambaye hana haraka.

Kwanza tumalize habari ya rangi, kwa sababu mtoto ataiuliza kabla hajashika rula. Jani ni la kijani kwa sababu ya kitu kiitwacho klorofili, ambacho hunasa nguvu ya jua ili mti ujitengenezee chakula. Jani likizeeka, mti huivunja klorofili na kuvuta virutubisho vyake kuvirudisha shinani, kama mpangaji anayehama na balbu zake. Kijani kikiondoka, rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa chini yake inaonekana. Wekundu wenyewe ni rangi nyingine inayotengenezwa jani likiwa linakaribia mwisho. Kisha pale kikonyo kinaposhikana na tawi hujitenga safu nyembamba, na jani linaachia. Upepo unalidondosha tu. Kazi ya kulikata imekwisha kufanywa na mti wenyewe.

Sasa twende kwenye hesabu.

Hakuna mzazi asiyejua hali ya somo hili nchini. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne wa mwaka 2022, kwa kila watahiniwa watano waliofanya hisabati, aliyefaulu alikuwa karibu mmoja. Kila matokeo yakitoka tunasikia lawama: walimu hawatoshi, vitabu hakuna, watoto wavivu, simu zimewaharibu. Baadhi ya lawama hizo zina ukweli. Lakini mtoto haanzi kuogopa hesabu akiwa kidato cha nne. Anaanza akiwa darasa la tatu au la nne, siku ile aliyoambiwa sentimeta ni hivi na eneo ni hivi, akaandika, akakariri, na hakuna hata mara moja aliyopewa kitu akipime kwa mkono wake. Akikosea anachapwa. Basi anajifunza jambo moja kwa uhakika kabisa, kwamba hesabu inauma.

Mimi sina watoto wengi nyumbani, lakini nina mkungu uwanjani, na mkungu huleta watoto wa mtaa mzima. Kwa hiyo kwa muda sasa, siku za Jumamosi, nimekuwa nikikaa nao pale na rula mbili tatu. Ninayoyasema hapa nimeyaona.

Jambo la kwanza la kumwambia mtoto si "pima". Mwambie "kisia". Mpe jani, mwulize: unadhani lina sentimeta ngapi? Mmoja atasema 50, mwingine atasema 10. Usimcheke yeyote. Andika makisio yao chini kwa kijiti, kisha ndipo rula itoke. Baada ya majani matano au sita utashangaa makisio yanavyokaribia ukweli. Jicho limeanza kujua sentimeta ni kitu gani. Mtoto aliyezoea kukisia hataandika katika mtihani kwamba urefu wa mlango ni meta 200, kwa sababu kichwa chake kitakataa.

Au waanzie na vipimo vya wazee. Babu zetu walikuwa na wanda, yaani upana wa kidole. Walikuwa na shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho mkono ukiwa umekunjuliwa. Walikuwa na dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, ambayo ni shubiri mbili. Na pima, mikono yote miwili ikinyoshwa, ambayo ni dhiraa nne. Wape watoto wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, jani lile lile walipime kwa wanda. Mkubwa atapata 15, mdogo atapata 19. Watabishana. Waache wabishane, maana ugomvi huo ndio uliowasumbua wauza nguo na wanunuzi wao kwa karne nyingi, kila mmoja akitaka dhiraa ipimwe na mtu wa mkono anaoupenda yeye. Wafaransa walipoamua katika miaka ya 1790 kutengeneza meta moja ya watu wote, walikuwa wanatafuta dawa ya ugomvi huo huo. Ukisha kuwaona watoto wamechoka kubishana, wape rula. Wataipokea kama hakimu.

Na hapo kwenye rula pana mitego ambayo sisi wakubwa tumeisahau. Rula nyingi za plastiki zina kipande kidogo kitupu kabla ya alama ya sifuri. Mtoto huweka jani kwenye ukingo wa plastiki, si kwenye sifuri. Mwingine huanzia kwenye 1, kwa sababu alifundishwa kuhesabu kuanzia moja, na haoni sababu ya rula kuwa tofauti. Kuna siku kijana mmoja wa darasa la nne alikuja na rula iliyokatika, inaanzia 3.

"Mjomba, langu lina ishirini na tano."

"Umeanzia wapi kupima?"

"Kwenye tatu. Rula imekatika huku."

"Na zile tatu zilizokatika, jani limezipita?"

Alinyamaza, akaliangalia jani, akaiangalia rula. "Hapana. Hazimo. Basi ni ishirini na mbili."

Ndugu msikilizaji, pale hakuna mtu aliyemfundisha kutoa. Kutoa kulikuja kwenyewe kwa kuwa kulikuwa na kazi ya kufanya. Tangu siku hiyo nikiona rula iliyokatika siitupi. Kwa kazi hii ni bora kuliko nzima.

Mtego mwingine ni huu: jani linaanzia wapi? Je, kikonyo kimo au hakimo? Mmoja anakipima, mwingine anakiacha, na majibu hayalingani ingawa wote wamepima sawasawa. Hapana jibu la Mungu hapa, ni mapatano. Sisi tulipatana kwamba kikonyo kiachwe, urefu uanzie pale jani lenyewe linapoanza hadi nchani, na upana uchukuliwe mahali jani lilipo pana kuliko kote. Wataalamu wa sayansi nao hufanya hivyo hivyo. Kabla ya kupima, wanasema wazi wanapima nini.

Kisha ikaja kazi waliyoipenda kuliko zote. Tulikusanya majani 40, tukachora mstari mrefu mchangani, tukaugawa: kuanzia sentimeta 16 mpaka kabla ya 18, kuanzia 18 mpaka kabla ya 20, na kuendelea hadi 28. Kila mtoto akawa analipima jani lake na kuliweka mahali pake, moja juu ya jingine kama matofali. Tulipomaliza, safu ya kwanza ilikuwa na majani 3, ya pili 7, ya tatu 11, ya nne 10, ya tano 6, na ya mwisho 3. Ukisimama mbali unaona kilima, katikati kimeinuka na pembeni kimeshuka. Grafu hiyo, ile ambayo darasani huchorwa ubaoni na watoto huinakili bila kujua inatoka wapi, sasa ilikuwa imelala chini, nyekundu na manjano, na kuku mmoja akaja kuivuruga.

Kilima hicho si cha mkungu peke yake. Mwaka 1846 mtaalamu wa Ubelgiji aitwaye Adolphe Quetelet alieleza habari za vipimo vya vifua vya askari zaidi ya 5,000 wa Scotland. Waliokuwa na vifua vya kadiri walikuwa wengi, wembamba sana na wapana sana walikuwa wachache, na hesabu yao ilipochorwa ikatoa kilima hicho hicho. Lakini huna haja ya kwenda Scotland. Mwulize muuza viatu vya mtumba kwa nini fungu lake limejaa namba za katikati, na kwa nini mtu wa futi sita na nusu huzunguka soko zima bila kupata. Muuza viatu anaijua grafu hiyo, ila hajapata kuichora.

Sasa wastani. Neno hili tunalisikia kila siku katika taarifa za habari, hata mimi mwenyewe nimelisoma mara nyingi kwenye kipaza sauti, na nina hakika wengi wanaolisikia hulipokea kama salamu tu. Kwa mtoto wastani ni kanuni: jumlisha zote, gawanya kwa idadi. Akiulizwa maana yake hana.

Fanya hivi. Chukua majani matano yenye urefu wa sentimeta 17, 21, 22, 23 na 27. Kwa kila jani kata uzi wenye urefu huo huo. Kisha waambie watoto nyuzi hizi ni ndugu watano waliorithi, mmoja kapata nyingi, mmoja kapata kidogo, nao wanataka kugawana sawa. Mwenye 27 anakata 5 anampa mwenye 17. Mwenye 23 anakata 1 anampa mwenye 21. Wote sasa wana 22. Huo ndio wastani, yaani kile ambacho kila mmoja angepata kama wangegawana sawa. Ukirudi kwenye kanuni, jumla ni 110, gawanya kwa 5, unapata 22. Mtoto anaona kanuni na uzi vinasema jambo moja.

Halafu ondoa lile jani la 17, weka kijani kidogo kilichodumaa cha sentimeta 7. Jumla inakuwa 100, na wastani unashuka hadi 20. Waulize: katika majani haya, lipi lina 20? Hakuna. Na mangapi yanazidi 20? Manne kati ya matano. Kijani kimoja kimewavuta wote chini. Lakini ukiyapanga kwa urefu na kulishika lile la katikati, bado ni lile lile la 22, halikutikisika.

Hili si jambo la watoto tu. Chukua ofisi yenye watu watano. Wanne wanalipwa shilingi 200,000 kila mmoja kwa mwezi, na mkubwa wao analipwa 4,200,000. Jumla ni milioni 5, na wastani ni milioni moja. Ukiambiwa kwamba wafanyakazi wa ofisi hiyo hupata wastani wa milioni moja kwa mwezi, aliyekuambia hakudanganya. Lakini nenda ukamkopeshe mmoja wao kwa kutegemea wastani huo, utaona.

Nafika sasa kwenye eneo, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hapa watu wazima wanalia.

Mpe mtoto daftari la hesabu lenye vimiraba. Aweke jani juu yake, alizungushie penseli, kisha ahesabu vimiraba vilivyo ndani. Vile vilivyokatwa na mstari vina sheria yake: kilichoingia ndani zaidi ya nusu kihesabiwe kizima, kilichoingia chini ya nusu kiachwe. Makosa ya huku na ya huku hufidiana. Kama vimiraba vya daftari vina upande wa nusu sentimeta, mwulize ni vingapi vinatengeneza sentimeta moja ya mraba. Karibu wote watasema viwili. Wachoree. Ni vinne, viwili juu na viwili chini. Hilo litawasumbua kwa siku kadhaa, na ni vizuri liwasumbue.

Jani letu moja lilikuwa na urefu wa sentimeta 22 na upana wa 13. Kama lingekuwa mstatili, eneo lake lingekuwa 22 mara 13, yaani sentimeta za mraba 286. Tulipohesabu vimiraba tukapata 192. Jani la pili, 18 kwa 11, mstatili wake ni 198, vimiraba vikatoa 131. La tatu, 25 kwa 14, mstatili 350, vimiraba 236. Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye mama yake alikuwa amekwisha kuniambia kwamba hesabu "hazimpandi", ndiye aliyeona. Akasema, "Mjomba, kila mara ni kama theluthi mbili." Tukagawanya, na kweli, yote matatu yanacheza karibu na theluthi mbili. Tangu hapo hatukuhesabu tena vimiraba vya mkungu. Tunapima urefu, tunapima upana, tunazidisha, tunachukua theluthi mbili.

Binti huyo hakujua kwamba alikuwa anapita njia ya wataalamu. Mwaka 1911 Mmarekani aitwaye Montgomery, aliyekuwa akichunguza mahindi katika jimbo la Nebraska, alionyesha kwamba eneo la jani la mhindi ni urefu mara upana mara 0.75, yaani robo tatu. Kanuni hiyo inatumika mpaka leo, kwa sababu mtafiti anayetaka kujua mmea una majani kiasi gani ya kunasa jua hawezi kuukatakata mmea huo huo anaotaka uendelee kukua. Anapima kwa rula, mmea unabaki umesimama. Kila aina ya jani ina namba yake. Jani ambalo lingekuwa pembetatu kamili lingekuwa na nusu. Lililo duara la yai lingekuwa na 0.79 hivi, majani mengi yako katikati ya hizo mbili. Watoto wako wanaweza kuitafuta namba ya mwembe, ya mpera au ya mwarobaini, na wakiipata ni yao.

Baada ya eneo, mzingo. Zungusha uzi kwenye ukingo wa jani, kisha ukaunyoshe juu ya rula. Lile jani la mkungu la 22 kwa 13 lilikuwa na mzingo wa sentimeta 57. Tukachukua jani la muhogo, dogo, lenye vidole vitano. Uzi ukaingia na kutoka, ukaingia na kutoka, mpaka ukafika sentimeta 118. Mara mbili ya mkungu na zaidi! Watoto wakapiga kelele kwamba muhogo umeshinda. Nikawaambia wahesabu vimiraba. Muhogo: 115. Mkungu: 192. Mwenye uzi mrefu ana eneo dogo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka jirani yangu mmoja, mama anayekaanga vitumbua alfajiri. Aliweka akiba miaka mingi, kidogo kidogo, kwenye mchezo wa wenzake, akaenda kununua kiwanja nje ya mji. Ndugu yake alikuwa amenunua hapo hapo kiwanja cha hatua 20 kwa 20. Muuzaji akamwambia, "Mama, cha kwako ni sawasawa na cha ndugu yako. Ukikizunguka chote ni hatua 80, na cha ndugu yako ni hatua 80. Bei moja." Mama akazunguka, akahesabu kwa miguu yake mwenyewe, kweli zikawa 80. Akatoa fedha mbele ya mashahidi. Kiwanja chake kilikuwa hatua 30 kwa 10.

Hebu piga hesabu. Ishirini mara 20 ni 400. Thelathini mara 10 ni 300. Mama yule alilipa bei ya hatua za mraba 400 akapewa 300, robo ya jasho lake imekwenda, na muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Mzingo ulikuwa sawa. Angeweza kumpa 35 kwa 5, mzingo bado ni 80, na eneo likawa 175. Angeweza hata kumpa 39 kwa 1. Hicho si kiwanja tena, ni kichochoro, lakini ukikizunguka unapata hatua 80 kamili. Mama huyu amesoma hadi darasa la saba, na eneo na mzingo alifundishwa. Ukimwuliza kanuni ya eneo la mstatili anaitaja mpaka leo: urefu mara upana. Kanuni alikuwa nayo siku ile kiwanjani, ila hakujua kwamba ndiyo siku yake.

Nikawasimulia watoto habari hiyo bila kumtaja mwenyewe. Tukachukua uzi wa sentimeta 80, tukaufunga ncha, tukaunyosha chini kwa vijiti vinne: 20 kwa 20, 30 kwa 10, 35 kwa 5. Uzi ni ule ule. Uwanja ndani unapungua huku unauona. Kijana wa rula iliyokatika akasema, "Kumbe mtu anaweza kuibiwa kwa uzi." Mimi sikuongeza neno.

Kuna na jambo la pili linalofanana na hilo, ila nitalipitia haraka. Jani lenye urefu wa 24 na upana wa 14 ni mara mbili ya lenye 12 na 7, kwa urefu na kwa upana. Je, eneo lake ni mara mbili? Kwa theluthi zetu mbili, dogo lina 56 na kubwa lina 224. Ni mara nne. Kwa sababu hiyo mtu mwenye kiwanja cha 40 kwa 40 hana viwanja viwili vya 20 kwa 20; ana vinne. Na mwenye duka la chapati akizidisha upana wa chapati mara mbili bila kupunguza unene, unga utamwishia kabla ya saa tatu asubuhi.

Mzazi mwingine ataniambia, nikitoka kazini na foleni ile, nguvu ya kuokota majani nitaitoa wapi? Sikukatalii. Lakini hesabu hii haidai kila siku, wala haidai saa nzima. Majani matano na nusu saa ya Jumamosi yatosha. Pia haidai fedha. Na wapo wanaolipa tuisheni ya kila jioni ambako mtoto anaketi na wenzake 60 kunakili yale yale aliyoyanakili asubuhi. Wala si lazima uwe unajua jibu. Mara nyingi mimi silijui, na watoto wakiliona hilo hupima kwa bidii zaidi.

Maonyo machache. Watoto waokote yaliyoanguka, wasikwanyue mti. Waangalie siafu na nge kwenye majani yaliyolundikana. Na wapime siku ile ile, kwa kuwa jani likikauka linasinyaa. Tuliweka jani moja la sentimeta 22 kati ya kurasa za gazeti, tukaliwekea tofali juu, na baada ya wiki lilikuwa 20.9. Limepungua 1.1 katika 22, ambayo ni asilimia 5. Basi gazeti hili nalo, ukishamaliza kulisoma, lina kazi.

Walio bara ambako hakuna mkungu wasikate tamaa. Mparachichi, mpera, mgomba, hata sukuma wiki iliyoko bustanini inafaa. Jani la mgomba ni refu kuliko rula, na hilo ni zuri, kwa sababu mtoto itabidi aweke alama, asogeze rula, ajumlishe, na akisahau mara ngapi amesogeza aanze upya.

Kwa sasa pale uwanjani tuna swali jipya. Yule binti wa theluthi mbili ameniuliza kwa nini majani ya matawi ya chini, yaliyo kivulini, yanaonekana mapana kuliko yale ya juu yanayopigwa na jua. Nilimwambia kwamba katika miti mingi ni kawaida jani la kivulini kuwa pana na jembamba, maana linahangaikia jua lile dogo linalolifikia. Hakuridhika na maneno. Anataka vipimo vya mkungu wetu, majani 20 ya kivulini na 20 ya juani, yapimwe yakiwa bado mtini bila kukwanyuliwa, ili ijulikane kila moja lilikuwa upande gani. Ya kivulini amekwisha kupima 14. Ya juani yanahitaji ngazi, na ngazi ya fundi rangi jirani yetu ameiahidi Jumamosi ijayo, asipopata kazi siku hiyo.